Karate ya pwani: mchanga, jasho na bandama

Karate ilitoka Okinawa ikapita Japani, na mazoezi yake mengi yamepangwa kwa sakafu ya mbao ndani ya jengo. Vijana wa Shangani na Mikindani huko Mtwara, na wa Lindi mjini, wanaifanyia ufukweni, kwenye joto lenye unyevu, katika mikoa ambayo malaria haijaondoka. Ukiyachukua mazoezi yale bila kuyarekebisha, mwili utaumia hata kama hujapigwa na mtu.

Tuanze na mchanga, maana ndio unaoharibu magoti. Chukua mawashi geri, teke la kuzungusha. Mguu wa kusimamia lazima ugeuke: kisigino kielekee kwa unayempiga, nyonga ifunguke, ndipo teke lipite. Kwenye sakafu wayo huteleza wenyewe. Kwenye mchanga mkavu wayo umezama, vidole vimeshikwa, mwili unazunguka lakini wayo haufuati. Msokoto wote huo huishia gotini, na goti ni kama bawaba, kazi yake kubwa ni kukunja na kukunjua. Hapo ndipo kano hukatika na gegedu huchanika.

Kwa hiyo chagua mchanga. Maji yakipwa huacha ukanda mgumu wenye unyevunyevu. Kanyaga kwa uzito wako wote: alama ya wayo ikizama nusu sentimita tu, hapo panafaa kwa mateke. Ikizama mpaka vidole vya mguu vikafunikwa, fanya ngumi, misimamo na mbio fupi, mateke ya kuzunguka yaache. Kumbuka kwamba maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo ufukwe uliokuwa wazi Jumatatu jioni huenda Jumamosi saa ileile umefunikwa. Wavuvi wana hesabu ya bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) vichwani mwao. Waulize kabla ya kupanga ratiba ya wiki. Wanaofanya judo mambo yao ni kinyume. Mchanga mbichi ulioshikamana ni mgumu kama ukuta wa udongo, kwa hiyo kuangushana kufanyike juu, kwenye mchanga mkavu uliolimwa kwa jembe na kuchambuliwa vigae, vijiti na mifupa ya samaki.

Ufukwe pia una mteremko. Ukikimbia upande mmoja tu, mguu wa upande wa bahari unafanya kazi ya mguu mfupi na nyonga huanza kulalamika baada ya wiki chache. Nenda na urudi njia ileile.

Goti likilia "ta" na kuvimba ndani ya saa mbili tatu, mara nyingi ni damu iliyovujia ndani, yaani kano kubwa imeguswa: nenda hospitali, usikandwe. Likivimba kesho yake, mara nyingi jeraha ni dogo. Likikwama lisinyooke, gegedu linaweza kuwa limechanika, nalo linataka daktari. Kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, ili umalizie mazoezi ni kuzima king'ora wakati nyumba inaungua.

Sasa jasho. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ya pwani hii imejaa maji, kwa hiyo jasho linadondoka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Gi (vazi la karate) nzito ya pamba ikilowa hufunga joto ndani. Fanya mazoezi kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, na koti la gi livaliwe kwenye kata (miondoko iliyopangwa ya mtu mmoja) na kumite (pambano la watu wawili) tu. Jipime uzito kabla na baada, ukiwa umejifuta jasho: kilo 1 iliyopungua ni karibu lita 1 ya maji. Rudisha lita 1 na nusu kwa kila kilo, kidogo kidogo ndani ya saa chache, pamoja na chumvi. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni kidogo, basi litafunie muhogo wa kuchoma uliotiwa chumvi. Usipokuwa na dafu, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Ramadhani mazoezi mazito yahamie baada ya tarawehe. Mtu akianza kuropoka au kuyumba kwenye joto, usimsubirie apumzike: mvue koti, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na gari liitwe huku mnaendelea kumwagia.

Jambo ninalotamani kila mwalimu wa dojo (mahali pa mazoezi) alishike ni bandama. Kiungo hiki kimejificha chini ya mbavu za kushoto, palepale teke la mguu wa kulia la mpinzani linapofikia. Malaria hukivimbisha, na kikivimba hulainika. Mgonjwa humaliza dawa mseto siku 3, homa inaondoka, anajisikia mzima na siku ya 5 yuko kwenye kumite. Bandama bado ni kubwa. Teke ambalo mwezi uliopita lingemwachia alama tu linaweza kuipasua, akavujia damu tumboni.

Mimi naweka wiki 4 bila kugusana mwili baada ya malaria, na aliyelazwa hospitali apapaswe tumbo kwanza na daktari. Katika wiki hizo kata zipo, misimamo ipo. Hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Yakizidi ya kawaida yako kwa 10 au zaidi, huenda mwili haujarudi vizuri, siku hiyo tembea tu. Mtu akipigwa ubavu wa kushoto kisha akasikia maumivu yanayopanda hadi bega la kushoto, jasho la baridi na kizunguzungu, asipewe maji wala chai. Alazwe chini, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na mpokezi aambiwe waziwazi kwamba mgonjwa alikuwa na malaria na amepigwa ubavuni.

Kichwa nacho: aliyepigwa akazubaa hata sekunde chache hamalizii pambano wala mazoezi ya siku hiyo. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida au mboni zikitofautiana, ni hospitali.

Wale wa Tandahimba, Newala na Nachingwea wana lao. Mikorosho ikichanua, kuanzia Juni hivi, wakulima hupuliza salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na hupuliza alfajiri kwa sababu upepo umetulia na umande unaishika. Ndiyo saa ya mbio zenu. Salfa hukereketa macho na koo, na mwenye pumu inaweza kumbana. Msimu huo kimbieni jioni, mbali na mashamba.

Gi ifuliwe kila baada ya zoezi na ianikwe juani. Ikikunjwa na jasho kwenye mfuko, fangasi hawachelewi. Mwenye mabaka ya duara yanayowasha asishikane na wenzake mpaka apone, na kila mtu aje na taulo lake.