Pua iliyoziba ilinifunza kusoma dawa zangu upya

Kwa miaka mingi siku yangu ilianza kwa chafya. Kabla sijashusha miguu kitandani nimeshapiga kumi, kumi na mbili, kaakaa linaniwasha hadi nalikuna kwa ulimi. Usiku pua inaziba. Hali hiyo ilikuwa ya mwaka mzima. Nyasi na miti ikianza kuchanua, inakuja nyingine juu yake: macho mekundu, masikio yanawasha kwa ndani, kitambaa hakitoki mkononi. Yote niliyaita mafua. Lakini mafua ya virusi huja na kuondoka, na haya yangu hayakuondoka. Sikuwa na homa, makamasi yalikuwa maji matupu, na muwasho ulizidi yote. Ulikuwa mzio, yaani aleji.

Nilianza na klorofeniramini, kidonge cha miligramu 4. Chafya zilikatika, ila usingizi! Siku moja nilisinzia kikaoni kalamu ikiwa mkononi; nilipozinduka, mstari wa wino ulikuwa umeteremka ukurasa mzima. Niliogopa, maana jioni ile nilitakiwa kuendesha gari. Dawa za mzio za kizazi hicho cha zamani huingia kwenye ubongo, ndiyo maana zinalaza. Za kizazi kipya haziingii sana. Setirizini bado ilinilegeza kidogo, kwa hiyo nikabaki na loratadini: miligramu 10, mara moja kwa siku.

Muwasho ukapungua, chafya zikapungua, pua ikabaki imeziba vilevile. Hapo ndipo nilipokosea. Nilinunua dawa ya kuzibua pua, oksimetazolini, na ndani ya dakika chache nikavuta hewa kwa pua zote mbili kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Nikaizoea. Siku tatu zikawa wiki, wiki ikawa mwezi na zaidi. Kila ilipoisha nguvu, pua iliziba kuliko mwanzo, nami nikapuliza tena. Nilikuwa naamka saa nane za usiku kuitafuta gizani.

Mfamasia mmoja mtu mzima ndiye aliyenishtukia niliponunua chupa nyingine. "Mwanangu, hii umeitumia tangu lini?" Nilipomjibu, akairudisha rafuni. "Sasa ni dawa yenyewe inayokuziba." Akanieleza kwamba inabana mishipa ya damu ndani ya pua, na mishipa ikiachiwa baada ya kubanwa muda mrefu huvimba zaidi. Ni dawa ya siku chache tu.

Akanipa dawa ya kupuliza yenye flutikasoni, ambayo ni steroidi ya kutuliza uvimbe wa ndani ya pua. Nikamwambia niliwahi kutumia ya aina hiyo, ikanitoa damu, tena haikusaidia. Badala ya kubishana aliniomba nimwonyeshe nilivyokuwa nikipuliza. Niliinua kichwa, nikavuta pumzi kwa nguvu. Akatikisa kichwa. Kumbe kichwa kinainama mbele kidogo. Tundu la kushoto hupulizwa kwa mkono wa kulia, na la kulia kwa wa kushoto, ili mdomo wa chupa uelekee nje, upande wa sikio, usiupige ukuta wa katikati. Ukuta ule ndio uliokuwa ukivuja damu. Kisha unavuta pumzi taratibu tu. Ukiionja kooni, ujue imepita pua na kwenda zake.

Dawa hii inahitaji uvumilivu. Inatumika kila siku, na nguvu yake kamili huweza kuchukua hadi wiki mbili. Ile ya kuzibua niliiacha tundu moja kwanza, la pili baadaye, nikilala nimeegemea mito mirefu. Siku ya nne nilikaribia kukata tamaa. Siku ya tisa nikaamka mdomo umefumba.

Kabla ya kupuliza naosha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Hapo sina mchezo, maji mabichi hayaingii puani mwangu, maana yanaweza kuwa na vijidudu vya hatari. Na msimu wa chavua, ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo, ukikaribia, loratadini naiweka tayari mapema.

Hali ile ya mwaka mzima chanzo chake kikubwa kilikuwa kwenye mto wangu wa kulalia: utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokula magamba ya ngozi yetu. Sasa mto una foronya isiyopenyeza vumbi, na mashuka yanafuliwa kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, kwani ya baridi hayawaui.

Anayekohoa kwa kubanwa kifua au mlio wa filimbi, au mwenye pua iliyoziba upande mmoja tu bila kuachia, aende kwa daktari kwanza. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu au mwenye presha ya macho amweleze mfamasia kabla hajachagua chochote, na dawa za watoto zisikisiwe.

Wiki ya tatu nilikuwa natandika kitanda nikasimama ghafla na shuka mikononi. Lilinukia sabuni. Nilikuwa nimesahau kwamba shuka lina harufu.