Mota ilinguruma, diski haikuzunguka

Mafinga, Jumamosi usiku.

Leo nimeshinda uani na baridi hii ya Julai, spana mkononi, mota ya msumeno wangu wa meza imelala juu ya gunia. Ilianza Alhamisi. Nabonyeza swichi, inanguruma kwa uzito, diski haisogei. Nikazima haraka, maana mota iliyokwama huku umeme unaingia haichukui muda kuungua.

Fundi mmoja niliyempigia simu alisema nipeleke ikasukwe upya, yaani iwekwe nyaya mpya ndani. Hakuwa ameiona. Kusuka mota ni hela nyingi, na sanduku la shule la binti yangu liko nusu, Jumanne anarudi bweni.

Mzee jirani alisikia nikihangaika, akaja. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, vua mkanda kwanza. Ujue kama mzigo uko kwenye diski au kwenye mota yenyewe." Nikavua. Diski ilizunguka kwa kidole, beringi safi. Puli ya mota nayo ilizunguka laini. Basi nikaisukuma kwa kijiti kirefu, nikawasha papo hapo, na mota ikakimbia kama kawaida! Furaha niliyoipata hapo siwezi kuieleza. Mota iliyoungua haikimbii hivyo. Iliyokosekana ilikuwa nguvu ya kuanzia tu, kwa sababu mota ya umeme wa njia moja huhitaji msaada wa kuondoka, na kwa mota kama yangu msaada huo hutoka kwenye kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme, kupitia swichi ndogo iliyo ndani, ambayo hujiachia mota ikishika kasi.

Nikachomoa plagi, nikaiweka juu ya meza ninapoiona. Kapasita niliimaliza chaji kwa balbu ya zamani kabla ya kuigusa, kwani hubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Kwa mita ilionekana nzima. Nikafungua kifuniko cha nyuma.

Unga wa mbao. Umeshindiliwa kati ya vidole vya ile swichi mpaka havigusani, umechanganyika na utomvu wa paini, mgumu kama ugali uliolala. Hapa kwetu tunapasua paini mwaka mzima, nyingine bado mbichi, na sikuwahi hata siku moja kufungua kile kifuniko. Nilisafisha kwa brashi, nikapitisha msasa laini kwenye vidole vyake, basi.

Kilichoniuma zaidi nilikikuta baadaye. Kwa wiki kadhaa mbao zilikuwa zikitoka na kingo za kahawia, zimeungua, nami nikiulaumu ubichi wa mbao. Mzee akaniambia nitie alama kwenye jino moja la diski, nipime kutoka jino hilo hadi reli ya kuongozea mbao, kisha nilizungushe jino hilo hilo nyuma nipime tena. Nyuma reli ilikuwa imeingia ndani milimita 3. Mbao ilikuwa inabanwa kila nilipoisukuma, na mbao iliyobanwa namna hiyo inaweza kurushwa kumrudia anayeisukuma ikampiga tumboni. Mwanangu wa kiume hunipokelea upande wa pili; anayesukuma ni mimi. Nililegeza bolti, nikanyoosha reli, nikapima mara tatu.

Jioni nikapasua ubao wa kwanza wa sanduku. Ukingo mweupe, harufu ya utomvu imejaa uani. Mzee akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akatikisa kichwa kukubali, akaomba vipande vilivyobaki akawashie moto. Nikamfungia mzigo mzima, kijana akampelekea.