Maziwa ya nani hayo?

Shangazi Mwajuma aliuliza mara moja tu, Jumanne, pale kwenye benchi nje ya wodi. Mimi nimelisikia swali lake wiki nzima. Nimelisikia nikikaanga vitumbua, nimelisikia kwenye daladala, na hata tulipokuwa tunapakia makochi kwenye kirikuu (ndiyo, hatimaye tumehama Ilala, tuko Kigamboni) lilikuwa bado linanizunguka kichwani.

Asubuhi ile nilikamua kwa moyo mweupe kabisa. Nasri ananyonya anasaza. Kitoto cha Rehema, binamu yake Nasri, kilikuwa mle wodini na gramu zake 1,300, njiti aliyezaliwa kabla ya wakati, mpira umepita puani, na mama mtu yuko wodi nyingine, presha ya kifafa cha mimba haijashuka na ziwa halitoi hata tone. Nikachemsha kikopo chenye mfuniko, nikakamua, nikakipanga na barafu ndani ya mfuko, nikaenda.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mama Nasri. Umebeba nini?"

"Maziwa ya mtoto."

"Maziwa ya nani hayo?"

"Yangu, shangazi."

"Yako." Akakitazama kikopo, kisha akanitazama mimi. "Na nani kakupima?"

Benchi zima liligeuka. Kwa watu wa rika lake, kupimwa kuna maana moja tu, na kila aliyekaa pale aliijua. Nilitaka kumwambia kwamba nilipimwa kliniki nikiwa na mimba ya Nasri, kwamba kadi yangu ipo, kwamba mume wangu ni mtoto wa kaka yake. Maneno hayakutoka. Usiku niliyatoa yote, kwa sauti, jikoni, peke yangu, na kila mara nikiyarudia nampa shangazi jibu kali zaidi. Na hata kikopo chenyewe hakikuvuka mlango. Nesi alitoka akaniambia kwa upole kwamba hawawezi kumpa njiti maziwa ya mama mwingine yasiyopimwa. Mtoto akapewa ya kopo. Ya kwangu niliyamwaga kwenye sinki la chooni, na hapo ndipo nililia.

Alhamisi nilimkuta nesi yule yule akimalizia zamu, tukakaa. Akaniuliza kama najua kwamba Nairobi, hospitali ya uzazi ya Pumwani, wana benki ya maziwa ya mama tangu 2019. Sikujua. Akanielezea inavyokwenda. Mama anayetaka kuchangia anahojiwa kwanza: maradhi, dawa anazotumia, sigara, pombe. Anapimwa damu, virusi vya Ukimwi, homa ya ini, kaswende. Maziwa yake yanapashwa nyuzi joto 62.5 kwa dakika 30, yanapozwa haraka, yanachunguzwa kama yana vijidudu, ndipo yanaingia kwenye friza. Kila chupa ina namba, na namba inaelekeza kwa mama aliyeitoa. Brazil wana benki zaidi ya 200, na iko miji ambako zimamoto ndio wanaopita majumbani kukusanya chupa. Zimamoto! Nimelipenda hilo kupita kiasi.

Nikiwa kwenye pantoni narudi nyumbani nikaisikia tena sauti ya shangazi, na safari hii haikuuma vile. Maziwa ya nani? Nani kakupima? Hayo ndiyo maswali ambayo benki inamuuliza kila mama mlangoni, na ina maabara na daftari vya kuyajibu. Jumanne mimi nilikuwa na maziwa, ndani kulikuwa na mtoto, na katikati yetu hapakuwa na kitu.

Na hicho kitu kinahitajika, nalisema hili kwa uchungu. Utumbo wa njiti haujakomaa. Akilelewa kwa maziwa ya kopo, hatari inapanda ya ule ugonjwa ambao utumbo unavimba na sehemu yake kufa. Wako wanaofanyiwa upasuaji, wako wanaofariki kabla ya kufika huko. Maziwa ya mama yanamkinga, na hata yakishapashwa moto, ingawa kinga nyingine inapotea, bado yanamfaa kuliko kopo. Shirika la Afya Duniani nalo linasema ya mama mzazi kwanza, yasipopatikana basi ya mama mwingine yaliyohakikiwa. Wala si ya kunywa mwaka mzima. Rehema ziwa lake limefunguka Ijumaa, alhamdulillah, na mtoto sasa yuko kifuani kwake kwa kangaruu. Pengo lilikuwa la siku zile chache, ambazo ndizo za hatari.

Shangazi alipiga simu Ijumaa hiyo hiyo. Hakugusia benchi. Alisema, "Mwanangu, wale ni binamu. Ukimlisha akashiba mara tano umeshawafanya ndugu. Kesho wakitaka kuoana utasemaje?" Hili nalichukulia kwa uzito wote. Suratun Nisaa aya ya 23 iko wazi kuhusu mama na dada wa kunyonya, na sisi Mashafi tunahesabu manyonyesho matano. Wanazuoni waliokutana Jeddah mwaka 1985 walizikataa benki hizi kwa sababu hiyo; wenzao wa Singapore waliiruhusu ya kwao ilipoanza 2017, wakiwafikiria njiti. Malaysia kuna mpango wa kuzijulisha familia mbili ili undugu ujulikane, na mimi naona huo ungetufaa sisi wa pwani. Nawaomba masheikh wetu walizungumze hili mapema, kabla friza haijanunuliwa. Likija baadaye, akina mama wataogopa na chupa zitakaa.

Mimi nikiambiwa leo nikapimwe nichangie, kesho alfajiri niko foleni.

Kilichobaki kuninyima usingizi ni uhamisho wa shule wa Tumu wetu. Shule ya zamani wanasema barua ilishatoka, huku wanasema hawajaiona, na mtihani wa darasa la nne ndio huo unakaribia. Baba Nasri anaona avuke na pantoni kila asubuhi aende Ilala mpaka mtihani upite. Mtoto wa miaka kumi, peke yake, kwenye msukumano ule wa saa kumi na mbili. Sijakubali.