Siku yangu na mvule mmoja katikati ya ujenzi

Saa 12:20 asubuhi. Nimewahi kabla ya mafundi kwa makusudi. Mashine ikishapita juu ya mizizi, hakuna tena la kuokoa. Mvule umesimama kwenye kona ya kiwanja, na nyumba mpya imechorwa karibu yake. Nazungusha tepu kwenye shina, mita 1.5 kutoka ardhini: sentimita 251. Nagawanya kwa 3.14, napata kipenyo cha karibu sentimita 80. Nazidisha mara 12, inakuja mita 9.6 kila upande. Hapo ndipo ulipo mpaka wangu wa kulinda mizizi.

Hesabu hii ya mara 12 imo katika mwongozo wa Uingereza wa miti na ujenzi, BS 5837 wa mwaka 2012. Najua mizizi haioti kwa duara. Ikikuta ukuta au mwamba hujitafutia upande mwingine. Ila huwezi kumwambia mtu "kaa mbali na mti" bila kumpa kipimo.

Saa 1:30. Msimamizi amefika. "Bwana miti, mita tisa na nusu? Sasa kokoto nitazimwaga wapi?"

Namwelewa, kiwanja ni kidogo. Tunakwenda pamoja hadi kwenye mti, nachimbua kidogo kwa mkono ili aone mwenyewe. Watu wengi hudhani mzizi wa mti mkubwa unashuka chini wima kama msumari. Sehemu kubwa ya mizizi iko ndani ya sentimita 60 za juu, nayo hutanda mbali kupita matawi. Inavuta hewa kutoka kwenye vinafasi vya udongo. Lori zito likipita hapo udongo ukiwa na unyevu, vile vinafasi vinashindiliwa, na hata mvua haipenyi vizuri tena. Mti wenyewe hauonyeshi lolote siku hiyo. Unaweza kubaki wa kijani miaka kadhaa, kisha matawi ya kileleni yanaanza kukauka, na mwenye nyumba anaambiwa mti umezeeka. Hilo linaniuma kuliko kuona mti ukikatwa kwa shoka, kwa sababu aliyeuumiza ameshasahau kiwanja hicho.

Tumekubaliana kokoto zikae upande wa barabara.

Saa 3:00. Uzio. Nguzo zimesimikwa imara, wavu wa chuma umefungwa. Utepe wa plastiki siukubali kamwe, maana unakatika siku ya kwanza na hakuna anayeurudishia.

Saa 5:15. Mtaro wa bomba la majitaka unakatiza ndani ya mduara, na njia nyingine haipo, maana mteremko hauruhusu. Dereva wa eskaveta alikuwa ameshageuza ndoo. Nimemwomba azime. Vijana wawili wamechimba kwa koleo, polepole, hadi tukakutana na mzizi mnene kama mkono. Huo tumeuacha mzima, bomba litapita chini yake. Vijizizi vyembamba kuliko kidole vilivyokuwa njiani nimevikata kwa msumeno mkali, mkato safi. Mzizi unaochanwa na ndoo hubaki na jeraha bovu ambalo maradhi huingilia. Kisha tumefunika kila kitu kwa magunia yaliyoloweshwa, kwani mizizi ikiachwa wazi hukauka upesi.

Saa 8:00 mchana. Mhandisi. Kona ya baraza inaingia mita moja ndani ya mpaka. Nimependekeza tuache msingi wa mfululizo, ule wa mtaro mmoja mrefu chini ya ukuta, upande huo, tusimamishe nguzo chache za zege zenye boriti juu ya usawa wa ardhi, na shimo likikuta mzizi mkubwa lisogezwe. Hakufurahi. Hata hivyo amekaa akapiga hesabu upya, na ninamshukuru.

Saa 10:10. Maji ya kuoshea mashine ya zege yanatiririka kuelekea kwenye mti. Hapa nilipandisha sauti. Maji ya saruji yana alkali kali, yanaunguza vijizizi na kuharibu udongo. Tumeinua tuta na kuhamishia sehemu ya kuoshea upande wa chini wa kiwanja.

Saa 11:40 jioni. Mafundi wameondoka. Nazunguka uzio. Nguzo moja imesogezwa ndani nusu mita ili toroli lipite. Naing'oa, nairudisha, napima tena kutoka kwenye shina: mita 9.6. Lori la kwanza la zege linaingia kesho saa 1:00, nami nitakuwa langoni kabla yake.