Nyumba ya nyigu

Jana mwanangu wa mwisho kaniletea kipande cha udongo alichokibandua dirishani. "Baba, hii nyumba ya nani?" Ya nyigu, nikamwambia. Akauliza kwa nini nyigu kajenga kwenye tundu la skrubu na ukuta wote huu upo. Sikumjibu. Kimawazo nilishafika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Nilishuka na begi la spana kwa kazi ya siku moja, nikalala tatu. Kulikuwa na mzee anayepeleka wageni Ikombe kwa boti yenye choo, na choo kina tangi lake chini ya sakafu, maana uchafu huwezi kuumwaga ziwani watu wanakochota maji ya kunywa. Tangi linavuja, akasema. Mimi ni wa baridi ya Uyole, Mbeya. Mle ndani saa saba mchana nilikuwa natoka jasho mpaka kwenye kope.

Siku ya kwanza, klipu mbili. Siku ya pili, mita moja na nusu ya mpira mpya kutoka Kyela mjini. Tone likarudi pale pale. Ndipo nikakumbuka kuufuta mpira wa zamani kwa kitambaa cha maji ya moto na kukinusa, maana mpira uliochoka hupitisha harufu hata kama hauna tundu. Kitambaa hakikunuka kitu. Nikakaa kimya.

Siku ya tatu nikaviringisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, nikamwambia dogo apige pampu. Mara tano, karatasi kavu. Ya sita mpini ukawa mzito. "Fundi, unanirudishia!" Nami macho yako kwenye kiungo cha juu: karatasi inabadilika rangi taratibu, kutoka ukingoni kwenda katikati, kama andazi linavyokunywa chai.

Mpini ndio ulionishtua. Tangi lililotoboka halimsukumi mtu. Hili lilikuwa limebana hewa isiyo na pa kutokea, inatafuta kiungo kilicholegea. Nikaufuata mpira mwembamba wa kupumulia mpaka ubavuni mwa boti. Tundu la kuingiza kidole cha mwisho, limezibwa udongo mwekundu, umelainishwa kama plasta ya fundi anayeijua kazi yake. Nikachomeka waya.

Uso wangu ulikuwa mbele ya tundu. Yaliyotoka mtayajaza wenyewe. Mzee alicheka mpaka akakaa mchangani, kisha akanimwagia ndoo mbili za maji ya ziwa.

Jioni akanilipa yote, na mpira umo, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mwanangu. Huo mpira mpya ndio uliotuponya."

Nikasema ndaga.

Ule wa zamani nilirudi nao chini ya kiti cha Kosta. Uko stoo mpaka leo, hauna hata ufa.