Utepe Kwenye Shavu la Mguu Wangu

Nilipochanika kidogo msuli wa shavu la mguu wa kulia nikiwa mbioni, mtaalamu wa fiziotherapia alinitaka kwanza nipumzike, kisha katika wiki ya tatu akanibandika utepe wa pamba unaovutika, wa aina iliyobuniwa na tabibu wa Kijapani Kenzo Kase katika miaka ya 1970 na ambayo wengi waliiona kwa mara ya kwanza miilini mwa wanamichezo wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008.

Aliisafisha ngozi kwa sabuni, akaikausha vizuri, akakata pembe za utepe ziwe za mviringo ili zisinaswe na soksi. Ncha hakuzivuta hata kidogo, kwa kuwa ncha iliyovutwa huichubua ngozi. Katikati ndipo alipovuta kiasi, kisha akausugua kwa kiganja mpaka gundi ikapata joto na kushika.

Nilikaa nao siku nne, hata bafuni. Maumivu yalipungua, lakini naamini kwa dhati kwamba kilichoniponya ni zoezi la kunyanyua visigino kila asubuhi, maana ushahidi wa kitabibu kuhusu utepe wenyewe bado ni hafifu. Ngozi ikianza kuwasha, ubandue taratibu, ukifuata mlalo wa vinyweleo.