Gatsby kwa Kiswahili: sura ya sita imekwisha, lakini kwa kitenzi kimoja nimesota

Jumapili, wiki ya kumi na nne

Sura sita kati ya tisa sasa ziko daftarini. Kwa wanaofuatilia kuanzia leo: natafsiri The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald, riwaya iliyotoka mwaka 1925. Haki zake za kunakili zilikwisha Marekani tarehe 1 Januari 2021. Naandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, ukurasa mmoja, siku nyingine nusu.

Sura ya tano ilinichukua siku tisa. Ya sita imekula mwezi mzima, na karibu wiki mbili zimeishia kwenye mazungumzo ya mistari michache. Ni usiku, karamu ya Gatsby imekwisha, na Daisy, mwanamke aliyempenda miaka mitano nyuma, hakuifurahia. Gatsby anatembea huku na huko juu ya maganda ya matunda na maua yaliyopondeka. Nick, msimulizi wa riwaya, anamwambia kwamba yaliyopita hayarudiwi. Gatsby anashangaa kwa dhati: kwa nini yasirudiwe?

Kwenye rasimu ya kwanza nilimpa Nick methali, yaliyopita si ndwele. Ilikaa vizuri mdomoni, nikaipenda kwa siku mbili, kisha nikaikata. Methali ile humtuliza mtu na kumpa ruhusa ya kusonga mbele. Nick pale hamtulizi mtu, anamwonya rafiki yake. Nikarudi kwenye kurudia, kitenzi cha darasani: unarudia somo, unarudia mwaka. Nikajaribu kurudisha, lakini hicho ni cha kitu kilichoazimwa au kuibwa.

Nilipoyasoma yote kwa sauti ndipo nikaona kwamba Gatsby hataki hata kimoja. Anataka Daisy aende kwa mumewe, Tom, amwambie kwamba hakupata kumpenda. Baada ya hapo wawili hao warudi Louisville na ndoa ifungwe nyumbani kwa kina Daisy, kana kwamba miaka mitano haijapita. Huko ni kufuta. Mwishowe nimebaki na kitenzi kurudia katika midomo yote miwili, kwa sababu Gatsby hana neno linalotosha tamaa yake, na mimi sina haki ya kumpa.

Sentensi anayotaka Daisy aitamke nayo ilinisumbua. Niliandika "Sijapata kukupenda", nikaona kosa kesho yake: ile -ja- huacha mlango wazi, kama kwamba huenda siku moja akampenda. Sasa inasomeka "Sikupata kukupenda". Mlango umefungwa, tena kwa nyuma, na ndivyo Gatsby anavyotaka.

Nimerekebisha pia saa ya sura ya tano. Gatsby na Daisy wanapokutana tena, Gatsby anaegemeza kichwa kwenye saa iliyo juu ya meko, inayumba, anaidaka kwa vidole vinavyotetemeka. Mwanzo nilisema tu ni "saa mbovu". Sasa ni "saa iliyosimama", maana kwetu saa ikiharibika husimama, na mtu huyu anaishi humo ndani ya kusimama kwake.

Kesho naanza sura ya saba, ambayo naiogopa. Binti wa Daisy analetwa sebuleni. Gatsby anamshika mkono, halafu anaendelea kumkodolea macho, kama mtu ambaye hakuwahi kuamini kwamba mtoto huyo yupo kweli. Hakuna sentensi ya kumfuta mtoto. Baadaye, kwenye chumba cha hoteli ya Plaza, Daisy anashindwa kusema lile aliloombwa. Anakiri kwamba aliwahi kumpenda Tom, na Gatsby pia.

Rasimu niliyonayo ni hii: "Nilimpenda zamani, lakini na wewe nilikupenda." Gatsby anajibu: "Na mimi?"

Nimejaribu "pia", nimejaribu "vilevile". Bado nahisi ile "na" ndogo ndiyo inayomuumiza zaidi, kwa hiyo nimeipigia mstari kwa penseli na kuiacha hapo mpaka nitakapoifikia.